Mashujaa wa Usiku na Afya ya Watoto Wetu

Mwezi huu tunazungumza na wazazi wenye watoto wa miaka miwili hadi sita, juu ya katuni za mashujaa kwenye televisheni.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2015 ilianza kuonyeshwa katuni iitwayo PJ Masks, iliyotokana na vitabu vya Kifaransa. Ndani yake mna watoto watatu, Connor, Amaya na Greg. Mchana ni wanafunzi wa kawaida. Usiku, wakiwa na nguo za kulalia, hugeuka mashujaa wenye nguvu za paka, bundi na mjusi, wakapambana na wabaya. Nia ya watunzi si mbaya. Mara nyingi shujaa mmoja hukosea kwa pupa au ubishi, kisha hutambua kosa lake na kulirekebisha. Damu haimwagiki.

Wazazi wengi huridhika hapo. Mimi nasema tusiridhike upesi. Mtoto mdogo hafuati kisa kama mtu mzima. Shujaa hujirudi mwishoni, tena kwa maneno. Mapambano huja na rangi na kelele. Mtoto hushika mapambano. Mwaka 1961, huko Marekani, Albert Bandura alionyesha kwamba watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere nao walimpiga vivyo hivyo. Mwaka 2017 Sarah Coyne na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa shule ya awali. Wale waliozama zaidi katika mambo ya mashujaa walionekana, baada ya mwaka mmoja, kuwa wagomvi zaidi. Lakini hawakuonekana kuwa hodari zaidi wa kuwatetea wenzao. Yaani fundisho tulilolitegemea halikufika.

Liko pia suala la usingizi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya kioo zaidi ya saa 1 kwa siku, na chini ya hapo ni bora zaidi. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13, na kucheza kwa kuutumia mwili dakika 180 kwa siku. Mashujaa wa katuni hawachoki kwa kukesha. Mtoto wetu huchoka, na kesho yake hulialia na kukataa chakula.

Najua mama yuko jikoni, baba hajarudi kazini, na televisheni humtuliza mtoto. Sisemi tuivunje. Nashauri hivi: kwanza, kisa kimoja au viwili vinatosha, kisha izimwe. Pili, mtu mzima au kaka mkubwa akae naye, amwulize: "Kwa nini alikosea? Wewe ungefanyaje?" Tatu, izimwe mapema kabla ya sala ya jioni na kulala. Nne, akimpiga mdogo wake kwa kuiga, tusicheke. Tumfundishe kuomba radhi papo hapo.

Wahenga walisema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno "umleavyo" linamhusu mzazi. Siku ya ubatizo sisi ndio tuliokubali wajibu huo mbele ya Kanisa, na hatuwezi kuiachia televisheni iutimize kwa niaba yetu.