Mto Hulala Mpaka Wapi?

Mapema mwaka 2023 nilihudhuria kikao cha kukusanya maoni ya wananchi katika ukumbi wa kanisa moja, Mashariki mwa Nairobi. Ajenda ilikuwa mpango wa kuusafisha mto na kuziondoa nyumba zilizoukaribia. Afisa aliyetumwa na ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa sababu kosa lake ni kosa la ofisi nyingi, alikuja na ramani yenye rangi za kupendeza na hotuba ndefu ya Kiingereza. Ubavuni pake alisimama kijana wa kutafsiri. Kila afisa aliposema "riparian", kijana yule alisema "kando ya mto", na hotuba ikasonga mbele.

Ajuza mmoja aliyeketi safu ya pili aliinua mkono. "Kando hiyo, mwanangu, inaishia wapi?" Afisa akamjibu kwa upole, "Mama, hilo tuwaachie wataalamu. Vipimo vitatoka." Mama hakuketi. Alieleza kwamba mto ule, mvua ikizidi, hulala mpaka kwenye nguzo ya stima iliyo karibu na duka la makaa, na kwamba wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 ulilala hapo siku mbili. Watu wakacheka kwa ule usemi wa mto kulala. Afisa naye akatabasamu. Mimi nilikuwa nikimtazama karani aliyeandika kumbukumbu za kikao, na ninaweza kushuhudia kwamba kalamu yake haikugusa karatasi.

Msomaji aniruhusu nieleze ni kwa nini kalamu ile ingali inanisumbua. Kanuni za ubora wa maji zilizotungwa mwaka 2006 chini ya sheria ya mazingira ya nchi hii zinakataza ujenzi na kilimo katika ukanda unaopakana na mto, nao ukanda huo ni wa mita 6 kwa uchache na mita 30 kwa wingi kila upande. Je, ukanda huo unakadiriwa kwa msingi gani? Kanuni zenyewe zinajibu: kwa kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Yaani kile ambacho sheria inakitafuta ndicho alichokuwa akikisema mama yule. Alikuwa ameirekodi alama ya mafuriko kichwani mwake kwa zaidi ya robo karne, akaja nayo ukumbini bila malipo, na hapakuwa na mtu wa kuipokea, kwa kuwa alisema "hulala" na ramani haikuwa na neno hilo.

Mvua za masika za mwaka 2024 hazikumngoja mtaalamu. Mwishoni mwa Aprili mito ya Nairobi ilivunja kingo zake, na watu wakapoteza maisha katika Mathare na kwingineko. Kisha serikali ikaamuru wakazi wa kando za mito wahame, mita 30 zikatajwa redioni na kwenye televisheni, na matingatinga yakaingia. Familia nyingi zilibomolewa nyumba huku matope ya mafuriko yakiwa bado hayajakauka miguuni mwao. Sisemi kwamba ilikuwa haki watu waachwe kwenye njia ya maji. Maji hayana huruma wala hayasikilizi rufani. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeambiwa "kando ya mto" mwaka 2023, na akaambiwa mita 30 mwaka 2024, hakuwahi kuambiwa kwa lugha anayoielewa mita hizo zinaanzia wapi, na ni kwa nini jirani yake aliye ng'ambo ya barabara, mwenye jumba la ghorofa na ukuta wa mawe ulioingia mtoni, hakuguswa.

Kazi yangu ni kufundisha isimu. Si mhandisi wala mpangaji wa miji, na huenda wenzangu wa taaluma hizo wakauliza huyu wa sintaksia anatafuta nini kwenye mitaro ya maji taka. Jibu langu ni kwamba mpango wa mji, kabla ya kuwa barabara na bomba, huwa ni maandishi, na maandishi yana lugha, na lugha ina wanaoijua na wasioijua. Nairobi ilihesabiwa mwaka 2019 kuwa na watu 4,397,073. Wengi wao hugombana, hubembelezana na huuziana sukuma wiki kwa Kiswahili, au kwa Sheng ambayo mhimili wa sarufi yake ni Kiswahili. Ilhali mpango wa mahali watakapolala umeandikwa kwa lugha ambayo hata aliyehitimu shule ya upili huisoma kwa jasho pindi inapovaa joho la sheria na uhandisi.

Jambo hili si geni. Jina la mji wenyewe ni la Kimaasai na maana yake ni maji baridi, maana reli ilipofika hapa mwaka 1899 ilikuta kinamasi na vijito. Mji uliopewa jina la maji ulianza mara moja kuyasahau maji. Mpango mkuu wa mwaka 1948, ulioiita Nairobi makao makuu ya koloni, ulichapishwa London. Waafrika waliozungumziwa humo kama nguvukazi hawakutarajiwa kuusoma. Hata hivyo, sina budi kusema jambo moja ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka hiyo hiyo ya 1940, ulipangwa vizuri kuliko mingi tuliyojijengea wenyewe tangu tupate uhuru. Nilikulia karibu nao. Nyumba ni za chini, za mawe, zimeelekeana kuzunguka uwanja wenye nyasi na miti. Ukumbi wa jamii uko kati, na mtoto aweza kufika shuleni bila kukanyaga barabara kuu. Siisifu serikali ya kikoloni. Vyumba vilikuwa vidogo kwa kuwa mfanyakazi hakutakiwa kuwa na ukoo mjini. Lakini aliyechora mtaa ule alijua kwamba binadamu hutembea kwa miguu, na kwamba mvua ikinyesha maji yanahitaji ardhi ya kuyanywa. Linganisha na majengo ya leo ambayo kila shubiri ya uwanja imefunikwa saruji ili magari yaegeshwe, kisha wapangaji hushangaa maji ya mvua yanapobisha hodi sebuleni.

Tukitaka mfano usio na doa la ukoloni, na twende Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001. Huko ujuzi wa kujenga umehifadhiwa ndani ya msamiati. Boriti ni nguzo ya mkoko, na kwa kuwa mkoko una kimo chake, upana wa chumba ulipangwa na msitu wala haukupangwa na tamaa ya mwenye nyumba. Kuta nene za matumbawe huzuia joto. Vichochoro ni vyembamba ili nyumba zitiliane kivuli. Kiwanda, ambacho kwetu huku bara ni mahali pa mashine na moshi, kule ni uwanja ulio ndani ya nyumba, unaoingiza hewa na mwanga. Wikio ni chumba kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, mtu akapata nafasi ya ziada bila kumnyima mpita njia haki yake. Katika birika za maji waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mwanafunzi anayejifunza maneno haya kama msamiati wa kale wa kujibia maswali ya mtihani anafundishwa nusu. Kila neno hapo ni kanuni ya ujenzi.

Tena lipo neno baraza. Asili yake ni kiti cha mawe kilichojengwa kwenye ukuta wa nje wa nyumba, mahali ambapo mwenyeji na mpita njia huketi bega kwa bega. Kutoka hapo ndipo tulipopata baraza la wazee, baraza la chifu, hata Baraza la Mawaziri. Mkutano wa umma, kwa mujibu wa lugha yetu, ulianza kama sehemu ya nyumba. Tazama sasa safari ya neno hilo: katika baraza nyingi nilizohudhuria, mwananchi huketi juani naye afisa akasimama kivulini.

Tangu Umoja wa Mataifa upitishe Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, ambapo lengo la 11 linahusu miji na makazi, tumekuwa tukiimba "mji endelevu" kwenye kila warsha. Kivumishi "endelevu" kimeundwa kwa ustadi, na sina ugomvi na waliokibuni. Lakini niliwahi kumuuliza muuza mitumba wa Gikomba anaelewa nini akisikia mji endelevu. Alifikiri kidogo akasema, "Ni mji unaoendelea tu, hausimami." Hakukosea kisarufi. Na kwa kuwa maghorofa yanaendelea, na barabara za juu zinaendelea, na vumbi linaendelea, kwa ufahamu wake tumekwisha kulifikia lengo. Istilahi isiyofafanuliwa kwa mfano wa jirani humwacha msikilizaji pale ilipomkuta.

Kuhusu sheria sina mengi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya utawala. Sheria ya mwaka 2016 kuhusu haki ya kupata habari inataka lugha ya mahali izingatiwe habari zinapotolewa. Kwa hiyo hatuombi hisani.

Wanaodhani kwamba jambo hili ni la mapambo na wakumbuke yaliyotokea Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilipoifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi wa mabilioni ulikwama kwa sababu waliotakiwa kuufahamu hawakufahamishwa kama inavyopasa. Upande wa pili kuna Mukuru, ambayo serikali ya kaunti ya Nairobi iliitangaza mwaka 2017 kuwa eneo la mpango maalumu. Kule mipango ilijadiliwa na wakazi katika vikundi vyao, vyama kama Muungano wa Wanavijiji vikishiriki, na baadaye barabara, maji na mabomba ya maji taka yakaanza kufika mahali ambapo ramani za zamani zilionyesha uwanja mtupu. Sitaki kupaka rangi ya waridi. Mwishoni mwa mwaka 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba kupisha barabara, mpango au hapana mpango. Mazungumzo kwa lugha ya watu si kinga dhidi ya tingatinga. Lakini pasipo mazungumzo hayo mtu hana hata hoja ya kuisimamisha mbele ya hakimu.

Nimesikia ikidaiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu tangazo moja kuhusu mitaro walitafsiri. Wengi, wakiwa wameishika kamusi kama mwogeleaji mchanga anavyoshika gogo, waliandika "maji ya dhoruba". Tuliposomea wakazi tafsiri hiyo, mzee mmoja aliuliza dhoruba imefikaje Nairobi na bahari iko Mombasa. Wao husema maji ya mvua, basi. Kwa lile neno la kando ya mto wanafunzi walileta ukanda, ukingo na hifadhi ya mto, kila mmoja akitetea lake kwa hoja za mofolojia. Binafsi napendelea "ukanda wa mto", mradi nambari ya mita iandikwe pamoja nao na mahali pa kuanzia kupima patajwe. Na kwa eneo lote ambalo mto hufurikia nawapendekezea wenye kusanifu istilahi neno "malalo ya mto". Limetokana na yule mama, wala sioni aibu kukiri.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Insha kuhusu umuhimu wa mazingira tumezisahihisha hadi macho yakauma, na zote huanza kwa fasili ya mazingira. Mpeni mwanafunzi tangazo la kweli lililobandikwa kwenye nguzo mtaani kwao, alitafsiri, kisha amsomee nyanya yake, arudi na maswali ambayo nyanya ameuliza. Mito ya Nairobi humwaga maji yake katika Athi, na Athi hufika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki, kwa hiyo mwalimu wa huko pwani naye ana la kuuliza kuhusu taka zinazotoka kwetu.

Niliporudi katika mtaa ule baada ya mafuriko ya 2024, duka la makaa halikuwapo. Nguzo ya stima ilikuwapo, na alama ya matope ilikuwa imepanda hadi kifuani pangu. Mama sikumkuta, niliambiwa amehamia kwa bintiye Kayole. Majuzi kumetolewa tangazo la kikao kingine kuhusu mto huo huo, kurasa mbili, zote kwa Kiingereza, maoni yapelekwe katika muda wa siku kumi na nne. Wanafunzi wangu wanalo tangu Jumatatu, na mmoja wao ametumwa Kayole.