Mwacheni babu aseme madzi

Kila mashindano ya maigizo na filamu ya shule yanapokaribia, walimu wa lugha hutafutwa kama waganga. Nami hutafutwa. Huletewa miswada ya filamu niipitie, na maagizo huwa mafupi: "Daktari, tusafishie Kiswahili." Kwa muda mrefu nilitii bila ya kujiuliza ni taka gani hasa niliyokuwa nikiiondoa.

Miaka michache iliyopita niliketi miongoni mwa majaji wa shindano dogo la miswada. Ukanifikia mswada wa mwanafunzi wa sekondari kutoka Tiwi, katika Kaunti ya Kwale. Kisa chake kilikuwa cha binti anayeteka maji ya chumvi kisimani, ilhali bomba linalopeleka maji ya visima vya Tiwi hadi Likoni limepita nyuma ya nyumba yao. Babu yake ni mvuvi wa madema. Akizungumza na mjukuu wake, mzee huyo hasemi maji, husema madzi. Kijiji chake kwake ni mudzi. Mwongozo wetu ulikuwa na alama za Kiswahili sanifu, nami nikazikata zote. Mswada haukupita.

Sikuonea fahari hukumu hiyo hata siku ile. Leo nasema wazi kuwa nilikosea, na kosa langu lilikuwa la kitaaluma kabla ya kuwa la huruma. Mtunzi wa riwaya anaweza kutwambia kuwa mzee ana uchungu; mwandishi wa filamu hana ruhusa hiyo. Anachoandika ni kile kitakachoonekana na kile kitakachosikika, basi. Ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Katika kurasa nane mwandishi atapata wapi nafasi ya kueleza umri wa mhusika, kwao ni wapi, na anamwamini nani? Sehemu kubwa ya mzigo huo hubebwa na ulimi wa mhusika mwenyewe. Mvue mzee wa Tiwi Chidigo chake mbele ya mjukuu wake, nawe utabakiwa na mtangazaji wa redio aliyevaa kikoi.

Nilipata kuzungumza na mwanafunzi yule baada ya matokeo. Alinieleza kuwa alikuwa akienda ufukweni jioni, pale wazee wanaposuka madema, akasikiliza tu, kisha akaandika usiku. Mswada wa kwanza ulikuwa na kurasa 14. Ndani yake babu alihutubia ukurasa mzima kuhusu haki ya maji. Hotuba hiyo aliifuta yote, akaweka tendo moja: usiku, babu analaza sikio kwenye bomba na kusikiliza maji yakipita. Sijui mwalimu gani angeweza kumfundisha hivyo. Na mimi, mwenye shahada ya uzamivu, nilikuwa nikihesabu herufi dz.

Wapo wanaodhani kuwa Chidigo ni Kiswahili kilichoharibika. Sivyo. Ni lugha dada ya Kiswahili, mojawapo ya lugha za Wamijikenda, yenye sarufi yake kamili. Na Kiswahili sanifu chenyewe hakikuteremka kutoka mbinguni. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wake katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na Kimvita cha wenyeji wa mji huo huo kikaachwa. Ulikuwa uamuzi wa kiutawala, wenye manufaa makubwa, lakini haukukusudiwa kuwa sheria ya namna babu atakavyosema na mjukuu wake.

Sembène Ousmane wa Senegal alikuwa mwandishi mashuhuri wa Kifaransa kabla ya kugeukia filamu. Alipotengeneza "Mandabi" mwaka 1968, aliwasemesha watu wa Dakar Kiwolofu, ingawa ilibidi apige pia nakala ya Kifaransa. Hapa kwetu, "Nairobi Half Life" ya mwaka 2012 na "Supa Modo" ya mwaka 2018 zilichanganya lugha kama wahusika wake wanavyozichanganya, na zote mbili zikapokewa vyema ng'ambo.

Walimu wataniuliza: je, mtihani? Hofu yao naielewa. Insha ibaki sanifu, na maelekezo ya mswada, yale yanayosema mlango umefunguka au jua limekuchwa, yabaki sanifu vilevile. Wala mwanafunzi aliyevuruga upatanisho wa kisarufi kwa kutojua asijifiche nyuma ya babu. Jaji mwenye sikio hutofautisha haraka.

Kuna jambo jingine ambalo walimu hulijua na hawalisemi hadharani. Baadhi ya shule hukodi waandishi kutoka nje, wanafunzi wakakaririshwa maneno ya mtu asiyewahi kukanyaga kijijini kwao. Kombe linapatikana, lakini ndani ya shule hapajapatikana mwandishi hata mmoja.

Kwa hiyo napendekeza waandaaji wabadilishe mwongozo kabla ya msimu ujao. Alama za lugha zigawanywe mara mbili: usanifu upimwe katika maelekezo, na katika mazungumzo upimwe ukweli wa mhusika. Tena kila mwanafunzi aitwe mbele ya majaji na rasimu yake ya kwanza, aulizwe alifuta nini na kwa nini. Aliyeandikiwa hatakuwa na jibu. Yule wa Tiwi angalikuwa nalo.