Gari ya ibridi kwa safari fupi: kabla ya kuuza ng'ombe, piga hesabu ya matope

Mtu akisimama dakika chache kwenye taa za barabarani za Kigali, anaona magari yenye kuandikwa "Hybrid" nyuma yakipita moja kisha ingine. Sababu inajulikana. Mwaka 2021 Rwanda ilipunguza kodi kwa magari ya umeme na ya ibridi, yaani yale yenye mashini ya esansi pamoja na moteri ya umeme. Wachuuzi wakayaingiza kwa wingi. Mwaka 2025 kodi ikarudi kwa ibridi, nafuu ikabakia kwa yale ya umeme mtupu. Magari yaliyoingia miaka ile sasa yanaanza kuuzwa mkono wa pili, na kutoka Gisenyi hadi Goma ni kuvuka mpaka tu.

Njo maana swali limefika hadi Masisi na Walikale. Wenye kuliuliza ni watu ambao hawaendi mbali: muuguzi, mwalimu mkuu, mwenye duka anayetoka nyumbani kwenda sokoni na kurudi, mwenye kushusha maziwa na fromaji. Wanasema safari zao ni fupi, na gari hii inakula esansi kidogo. Kwa nini wasiichukue?

Hesabu yao inaeleweka. Esansi ya huku inatoka mbali, inapita barieri nyingi, na mwishowe inauzwa kwa chupa na bidoni kwa Kadhafi wa kando ya barabara, bei ikipanda na kushuka sawa na mvua na vita. Lakini feza ya kununulia gari nayo iko na historia yake. Benki za biashara za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23. Mwenye kununua gari sasa analipa feza mkononi, na kwa Masisi ile feza mara nyingi ni ng'ombe waliouzwa ao kipande cha shamba. Akikosea, hakuna wa kumrudishia.

Kwa kifupi, jibu ni hivi: kwa mtu wa Goma mjini, gari ya ibridi inafaa. Kwa mtu wa kutoka Sake kupanda juu, mara nyingi haifai. Kwa mtu wa Walikale, haifai karibu kabisa. Na ile sababu haiko kwenye kilometa.

Faida inatoka wapi

Ibridi ya kawaida haichomekwi popote. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, njo iliyofungua njia, na zingine nyingi zinafuata namna yake. Umeme wote unatoka kwa esansi ile ile, na kwa breki. Shofere akikanyaga breki, moteri ya umeme inageuka kuwa dinamo. Nguvu ambayo ingeishia kuwa joto la breki inarudi kwenye batri kubwa. Gari ikiondoka tena polepole, inatumia ule umeme na mashini ya esansi inazimika.

Kwa hiyo inashinda pale gari ya kawaida inaposhindwa: simama, ondoka, simama, ondoka, kama kwenye msongamano wa Birere ao karibu na Rond-point Signers. Kwa njia ya namna hiyo Prius inaweza kutumia karibu litri 5 kwa kilometa 100, RAV4 ya ibridi karibu litri 6, wakati RAV4 ya zamani ya esansi tupu inafika litri 10 na kupita. Hata Goma hadi Sake, karibu kilometa 25, pamoja na mashimo yake, bado ni safari ambamo ibridi inarudisha kitu.

Sasa, "fupi" ni neno lenye kudanganya. Safari ya kilometa mbili ni fupi mno hata kwa ibridi. Mashini ikiwa baridi inawaka yenyewe ili ipate joto, batri ijae isijae, na kwa kilometa mbili inaweza kuwa imewaka sehemu kubwa ya njia. Asubuhi ya Masisi, na ile baridi ya milima, jambo hilo linaonekana zaidi kuliko Bukavu ao Uvira. Kuna pia ubaya usioonekana: mashini isiyopata joto vizuri inaacha maji na esansi ndani ya mafuta yake. Mwenye kwenda safari za namna hiyo abadilishe mafuta kwa kuhesabu miezi, asingoje kilometa. Na kwa kweli, mtu ambaye safari yake yote ni kilometa mbili anahitaji moto. Chukudu ingetosha kama ni mzigo na njia inashuka.

Matope hayarudishi umeme

Tuseme safari ni ya kilometa 15 ao 20, kipimo kinachopendwa na ibridi. Kwa mji, sawa. Lakini chukua kilometa hizo kutoka Sake kupanda Mushaki, ao kutoka Masisi-centre kwenda Nyabiondo wakati wa mvua ya Novemba. Inaweza kuwa masaa mawili, pengine zaidi. Gari inaenda polepole sana, na mtu anaweza kufikiri: polepole si njo kunafaa ibridi?

Hapana. Ibridi inafaidika na polepole ya kusimamishwa kwa breki. Huku gari inasimamishwa na matope. Matope njo breki, na matope hayarudishi umeme. Mashini inaunguruma, mipira inazunguka papo hapo, esansi inaenda, na batri haipati kitu.

Mlima nao uko na mambo yake. Batri ya Prius ni ndogo, karibu kilowati-saa 1.3, na gari yenyewe inajizuia isiitumie yote. Kwa kupanda, msaada wake unaisha upesi. Kisha inabakia mashini ndogo ya esansi ikivuta watu, mizigo na ile batri isiyosaidia tena. Kwa kushuka, batri inajaa kabla ya kufika chini, na kuanzia hapo breki za kawaida njo zinabeba uzito wote. Toyota iliweka herufi B kwenye mkono wa vitesi kwa ajili hiyo, ili mashini isaidie kuzuia gari kwenye mteremko. Shofere aliyeuziwa gari bila kuelezwa ile B atashuka Mushaki akinusa breki zikiungua.

Kisha kuna kimo. Tumbo la Prius liko karibu sentimita 14 tu kutoka chini. Lile jiwe la katikati ya njia ambalo malori yanaruka, yenyewe inalibeba. RAV4 iko juu zaidi, karibu sentimita 19, na wachuuzi wanasema inavuta mipira minne. Ni kweli, lakini tuelewane: kwenye RAV4 ya ibridi mipira ya nyuma inavutwa na moteri ndogo ya umeme peke yake, hakuna chuma kinachotoka mbele kwenda nyuma, wala hakuna vitesi vya chini vya matope. Inasaidia kwenye majani yenye kuteleza. Mwenye kufikiri atafanya nayo kazi ya Land Cruiser ao Hilux atalala njiani.

Na akilala njiani, vijana wa kusukuma hawatamwokoa. Gari ya ibridi haiwaki kwa kusukumwa. Kuivuta kwa kamba mipira ya mbele ikizunguka chini kunaweza kuharibu moteri, inapaswa kuinuliwa. Nani iko na gari ya kuinua ingine huko Kashebere?

Jambo lingine linaonekana dogo. Batri kubwa inapumua hewa kupitia tundu lenye feni, ambalo kwenye Prius na nyingi zingine liko karibu na kiti cha nyuma. Huku kwetu kiti cha nyuma njo mahali pa kuweka gunia la viazi ao la makala. Gunia linaziba tundu, vumbi la kiangazi linaziba kichujio, batri inapata joto kupita kiasi, nayo inaanza kufa. Watu watasema gari ilikuwa mbaya, kumbe ni gunia.

Hesabu kwa daftari

Tuchukue mfano, kila mtu aweke bei ya siku yake. Mtu anaenda kilometa 15 kwa siku, siku 25 kwa mwezi: kilometa 375. Gari ya kawaida ya litri 10 inakula litri 37.5. RAV4 ya ibridi kwa njia nzuri, litri 22.5. Amebakiza litri 15. Tuseme litri ni dola 1.5: ni dola 22.5 kwa mwezi, 270 kwa mwaka. Kama ibridi imemgharimu dola 2,000 zaidi kuliko gari ya kawaida ya umri ule ule, atazirudisha baada ya miaka saba na zaidi.

Hiyo ni kwa njia nzuri. Kama matope, mlima na mashini baridi vinapandisha ulaji wake hadi litri 8, faida inashuka hadi dola 135 kwa mwaka, na zile 2,000 zinarudi baada ya karibu miaka 15. Gari yenye miaka kumi haitafika huko na batri ile ile.

Safari fupi njo inamwumiza hapa. Mwenye kusafiri kidogo anachoma esansi kidogo, kwa hiyo hata akipunguza nusu, ile nusu ni ndogo. Anayefaidika na ibridi ni dereva wa taksi wa Goma anayezunguka mji kutwa nzima. Kwa mtu wa Masisi, feza inaenda kwanza kwa mipira, springi na barieri, na kwa hayo yote ibridi haipunguzi hata franka.

Walikale

Walikale inaongeza mambo mawili. La kwanza ni esansi yenyewe. Kati ya Walikale-centre na Mubi, njia inayopitiwa na malori ya upande wa mgodi wa Bisie, mtu anaweka ndani kile alichokipata, na kile alichokipata wakati mwingine kimechanganywa na maji ao petroli ya taa. Boxer inakohoa, motari anafungua, anasafisha, anaenda. Gari iliyojaa kompyuta inawasha taa nyekundu na kukataa, na bila chombo cha kuisoma fundi anabahatisha tu. Kubahatisha kwenye ibridi ni hatari: nyaya zile za rangi ya machungwa zinabeba volti 200 ao zaidi. Zinaua. Hakuna kijana wa garaji anayepaswa kuzigusa kabla ya kujua namna ya kukata umeme wa batri kubwa na kungoja, na aliyefundishwa kazi hiyo ni shida kumpata ukishapita Goma.

La pili ni vita. M23 iliingia Walikale-centre Machi 2025, ikatoka mwanzoni mwa Aprili, na watu walikuwa wamekimbilia porini na vijiji vya mbali. Ibridi iliyokaa wiki tatu bila kuwashwa inaweza kukutwa batri yake ndogo ya volti 12 imekwisha, na bila ile ndogo, ile kubwa haifunguki. Kuna pia karatasi: gari iliyoandikishwa upande mmoja wa mstari wa vita, mwenyewe aulize mapema kama zitakubaliwa upande mwingine, mbele hajalipa.

Ile ya kuchomeka je?

Iko aina ingine ya ibridi, yenye batri kubwa zaidi, inayochomekwa kwenye ukuta. Hii, kwa kusema kweli, njo rafiki wa safari fupi: kilometa 20 ao 30 za mji zinaweza kuisha bila esansi kuguswa. Goma inapata umeme wa maji wa Matebe, Rutshuru, kupitia Virunga Energies, na mwenye plagi ya hakika nyumbani anaweza kuifikiria. Masisi-centre ao Walikale, ambako watu wengi wanategemea jua, ni hadithi nyingine. Sahani moja ya wati 300, ikipata masaa matano ya jua zuri, inatoa kilowati-saa 1.5. Batri ya Prius ya kuchomeka ya karibu 8.8 itahitaji siku sita kwa sahani moja, bila kuhesabu kinachopotea njiani, na nyumba ikikaa gizani siku zote sita.

Kama mtu wa Goma ao Sake ameamua kununua, aende asubuhi mapema na amwombe mchuuzi asiiwashe kabla hajafika. Mashini iliyopashwa moto inaficha mengi. Afungue kichujio cha feni ya batri aone vumbi. Aulize kama batri ilishafunguliwa: ya Prius nyingi iko na vipande 28, na wengine wanabadilisha kimoja kilichokufa, wanauza gari, vingine vinafuata baada ya miezi. Kisha apande nayo mlima, jicho kwenye mistari ya batri. Ikianguka kutoka juu hadi chini kwa dakika chache, na kujaa tena upesi vile vile, amrudishie mwenyewe funguo.