BARZA YA NYUMBANI: Mwembe wa Nne



Katika habari za Masahaba imo habari ya Salman Al-Farisi (r.a.), ambayo wazazi wengi huwasimulia watoto wao. Salman alikuwa mtumwa katika mji wa Madina, akaandikiana na bwana wake ajikomboe kwa kupanda mitende 300 na kulipa wakia 40 za dhahabu. Mtume (s.a.w.) akawataka Masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche 30, huyu 20, huyu 15, na mwingine 10, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Kisha Mtume akamwamuru Salman achimbe mashimo kwanza, na yakiwa tayari amwite. Akaja akaitia miche ile ardhini kwa mikono yake mitukufu, na Salman amesimulia kuwa haukufa hata mmoja.

Uhuru wa mtu ulitegemea miche. Nimeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya jambo lililonipata mimi mwenyewe kwa ajili ya mche mmoja tu. Silielezi kwa fahari, maana fahari haimo. Nalieleza kwa kuwa naona wengi wetu twaweza kuteleza hapo hapo nilipoteleza mimi.

Atokaye mjini Dar es Salaam kwa Barabara ya Bagamoyo, akaipita Mwenge na Tegeta kwenda Boko na Bunju, huona kandokando ya njia vitalu vya miche ya matunda, maua na miti ya kivuli. Kadhalika upande wa Temeke, kwa njia ya Kilwa, Mbagala na mbele yake. Vingi katika vitalu hivyo ni vya watu wa nyumba moja: baba hubebesha miche, mama husimamia meza ya mazao, na watoto humwagilia maji wakitoka shule na madrasa. Mwisho wa juma familia huja na watoto wao, wakanunua mchicha, matembele, bamia na mapapai, na wanaopenda hurudi nyumbani na mche wa kupanda uani.

Masika ya mwaka 2019 nalinunua miche minne ya embe dodo katika kitalu kimoja cha namna hiyo. Muuzaji, mzee mmoja mpole, aliniambia kuwa yote ni ya kubebeshwa. Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa mapema, yapata mwaka wa tatu au wa nne, na huzaa tunda lile lile la mti uliotoa kikonyo. Bali mwembe wa kokwa hukawia, na tunda lake halijulikani mpaka lije. Kwa hiyo nalilipa bei ya juu nikaridhika.

Miembe mitatu ilizaa mwisho wa mwaka 2022, dodo kweli kweli. Wa nne ulikawia. Ulipozaa, mwisho wa mwaka 2024, ulitoa viembe vidogo, vikali, vyenye nyuzi nyingi hata mtoto akila hukaa akichokoa meno. Hapo moyo wangu ukahukumu papo hapo: mzee yule kanichanganyia, katika miche mitatu ya haki ametia mmoja wa udanganyifu.

Laiti ningekomea moyoni. Jioni, baada ya sala ya Isha, nikiwa barazani pa msikiti pamoja na wenzangu, nikaisimulia habari hiyo na kitalu nikakitaja. Nikaisimulia tena arusini. Kwa muda wa miezi mitatu kila yalipotajwa maembe, nami nalikuwa na kisa changu tayari, na watu wakicheka na kutikisa vichwa.

Mwezi wa Machi 2025, kabla ya mvua kuanza, nikamchukua mwanangu wa kiume, nikaenda kumkabili mzee yule. Nataka, ewe Msomaji, ujue nilivyokwenda: nalikwenda nikiwa nimekwisha kata shauri, na maneno nimekwisha yapanga.

Tulipofika palikuwa na wateja wengine, ikatubidi kungoja. Hapo mezani niliona mapapai yamepangwa mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa la mazima. La pili la yaliyogongwa njiani, limewekwa mbele kabisa, na bei yake ni nusu. Mama mwenye meza hakuyafunika mabovu kwa mazima. Nikakumbuka siku Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono ndani ya chungu ya nafaka, akaona unyevu uliofichwa chini, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone, na akatangaza kuwa adanganyaye si pamoja naye.

Kisha mama mmoja aliyekuja na binti zake akaomba auziwe mche wa mpapai jike. Mzee akamjibu, "Mama, mpapai huu wetu wa kawaida haujulikani jike wala dume mpaka utoe maua. Nikikuapia kuwa ni jike nitakuwa nimekudanganya. Panda mitatu katika shimo moja, na ikichanua ung'oe madume." Yule mama akasema kuwa mahali pengine ameahidiwa jike. Mzee akanyamaza. Mama akaenda zake bila ya kununua.

Wallahi, maneno niliyoyapanga yakaanza kunipungukia. Hata hivyo nikamsogelea, tukaamkiana, nikamweleza habari ya mwembe wangu wa nne. Hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu: "Je, bwana, mti huo uliwahi kuliwa na mbuzi au kuvunjika ungali mdogo?"

Kabla sijafungua kinywa, mwanangu akajibu, "Ndiyo, babu. Mwaka wa pili, mbuzi wa jirani aliula kichwa chote."

Mzee akachukua mche katika kiriba, akatuonyesha kovu, kama shubiri moja juu ya udongo. Akatueleza kuwa chini ya kovu ni shina la mwembe wa kokwa, lililochaguliwa kwa nguvu ya mizizi yake. Juu ya kovu ni kikonyo cha dodo. Mbuzi akila sehemu ya juu yote, mti haufi. Hutoa machipukizi kutoka chini ya kovu, na mwenye nyumba hufurahi akidhani mti wake umefufuka. Kumbe uliofufuka ni ule wa chini, na dodo haimo tena.

Nami nalifurahi hivyo hivyo mwaka 2020. Nalimshukuru Mungu kwa mti kuchipua, nikauwekea uzio, nikasahau.

Ndugu Msomaji, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kumtaja nduguyo kwa jambo alilo nalo naye analichukia ni kusengenya, na kumtaja kwa jambo asilo nalo ni kumzulia. Mimi kwa miezi mitatu nalidhani nasema kweli. Hata lau ingalikuwa kweli, nalikuwa msengenyaji. Na sasa imebainika kuwa nalikuwa mzushi. Nikamwambia mzee yale niliyoyasema na mahali nilipoyasemea, nikamtaka radhi mbele ya mwanangu.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo sikulitazamia. "Nimekusamehe. Lakini nami nina sehemu yangu. Siku ile nalikuuzia mche, sikukwambia kuwa machipukizi ya chini ya kovu hukatwa. Ningalikwambia, ungaliujua mti wako."

Hapa ndipo niliposoma mafundisho ya biashara katika dini yetu kwa jicho jingine. Twafundishwa kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainishiana, hubarikiwa katika biashara yao. Na wakificha na kusema uongo, baraka hiyo hufutwa. Nalikuwa nikidhani kubainisha ni kutaja aibu ya kitu tu. Lakini mche si kama kitambaa, ambacho mnunuzi hukifunua akakikagua pale pale. Mche huuzwa leo, na ukweli wake hujulikana baada ya miaka mitatu, mitano au saba. Katikati ya hapo kuna mbuzi, jua, mchwa na usahaulifu. Kwa hiyo amana ya muuzaji haiishi mteja anapotoka kitaluni, na amana ya mnunuzi haiishi anapokwisha lipa.

Kwa kina mama na kina baba wendao vitaluni masika haya, nawausia mambo machache. Chimbeni mashimo kwanza, kama Salman alivyoamriwa, ili mche usikauke uani ukingoja jembe. Ulizeni: umebebeshwa au ni wa kokwa? Kovu lipo wapi? Kikonyo kimetoka mti gani? Muonyesheni mtoto kovu hilo, na mumpe kazi ya kukata kila chipukizi litokalo chini yake. Wala msimlazimishe muuzaji aahidi asilolijua. Atakayekataa kuahidi huenda ndiye mkweli. Na tunda likija siyo, mwendeeni mwenye kitalu kwanza kabla ya kwenda barazani.

Nanyi vijana mnaouza, semeni hata yale ambayo hamkuulizwa.

Nalirudi barazani pa msikiti usiku ule ule, nikawaambia wenzangu kuwa nalimzulia mtu. Wengi walipokea vyema. Mmoja akasema kuwa shemeji yake alitaka kununua miche 20 ya shamba lake kwa mzee yule, lakini kwa ajili ya maneno yangu akaenda kununua kwingine. Hiyo sina namna ya kuirudisha. Miche ile imekwisha pandwa, na fedha zile hazikuingia katika nyumba ile. Nimebaki kumwombea mzee dua, na kila anayeniuliza nampeleka kwake.

Ama mwembe wa nne, mzee alinikataza kuung'oa. Mti mkubwa, alisema, hukatwa matawi ukachipua, na machipukizi mapya yakabebeshwa vikonyo vya dodo, maana mizizi yake haina kosa. Alikuja mwenyewe na kisu chake. Malipo hakukubali kupokea, ila alitaka mwanangu amshikie kamba akijifunza. Vikonyo vitano vimeshika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilinde ndimi zetu na atubarikie katika tupandacho na tuuzacho. Amin.