Pingili ya Jirani na Kidonge Kilichobaki



Katika vijiji vya nchi kavu vya Kibiti, aliyekosa mbegu ya muhogo huenda kwa jirani, akakatiwa miti ya kumtosha, akarudi nayo begani. Hadaiwi kitu. Na huko kwenye visiwa vya delta, ambako safari ya kufika zahanati hungojea maji ya bahari, mama ambaye mwanawe amepandwa na homa usiku huenda akabisha hodi kwa jirani, akapewa vidonge vilivyobaki mgonjwa wa nyumba ile alipopata nafuu. Wema huo wote wawili ni katika sifa za watu wetu. Hata hivyo, ndugu wasomaji, elimu ya vinasaba imefichua kwamba ndani ya pingili ile na ndani ya vidonge vile huenda mna dhara ambalo mtoaji halijui wala mpokeaji halioni.

Tuanze na shamba. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia si mgeni katika pwani yetu. Mtaalamu H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Ubaya wake ni kwamba hujificha. Majani huweza kuonesha umanjano kidogo tu kandokando ya vishipa, na mkulima akadhani ni uzee wa jani. Siku ya kuchimba ndipo huona muhogo umefanya mabaka makavu ya rangi ya kahawia, haufai kuchemsha wala kufanya makopa. Mwaka mzima wa jasho umekwenda, na watoto wanasubiri chakula.

Kila chenye uhai hubeba ndani yake maelekezo ya namna ya kuwa, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu zinazopangwa kwa utaratibu mrefu. Virusi navyo vina maandishi yao. Wataalamu waliposoma maandishi ya virusi vya michirizi ya kahawia, walibaini kwamba ni vya aina mbili zilizo tofauti, ingawa mkulima huona ugonjwa mmoja. Katika kazi hiyo Watanzania wamekuwa mstari wa mbele, miongoni mwao Dkt. Deusdedith Mbanzibwa na Dkt. Joseph Ndunguru, waliopata kufanya kazi katika kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam. Dkt. Ndunguru na wenzake wa Uganda, Kenya na Australia walifika hata kupeleka shambani mashine ya kusoma vinasaba inayoenea kiganjani, na mkulima akapata jibu la ugonjwa wa mihogo yake siku ile ile.

Virusi hivi huenezwa na inzi weupe, lakini inzi huyo havipeleki mbali. Anayevisafirisha kutoka kijiji hadi kijiji, na kutoka wilaya hadi wilaya, ni mwanadamu mwenye mzigo wa pingili. Tukumbuke mafuriko ya mwaka 2024 yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Maji yanapopungua, aliyepoteza mazao hutafuta mbegu popote anapoipata. Huo ndio wakati ambao ugonjwa husafiri kwa urahisi zaidi, tena kwa mkono wa hisani.

Habari njema ni kwamba dawa ya shamba nayo imo katika mihogo yetu wenyewe. Mnamo mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliozalisha mihogo miwili ya wakulima wa Tanzania, Namikonga na Albert, ili kutambua ni sehemu zipi za vinasaba zinazoupa Namikonga uwezo wa kuhimili michirizi ya kahawia. Wasomaji wa vinasaba wamekuta pia kwamba Namikonga una vipande vilivyotoka kwa mmea wa porini wa jamaa ya muhogo, alama ya kazi ya uzalishaji iliyofanyika Amani miongo mingi iliyopita.

Sasa tuingie nyumbani. Wazee wanakumbuka klorokwini ilivyokuwa tegemeo la kila nyumba, hata ikafika siku haikuponya tena. Serikali iliiacha mwaka 2001 na kuweka SP, nayo ikadhoofika upesi. Sababu yake ilisomeka katika vinasaba vya kimelea cha malaria: herufi chache zilibadilika, na dawa ikakosa nguvu. Ndipo ikatafutwa njia ya kuunganisha dawa mbili. Rufiji ya wakati ule, iliyojumuisha Kibiti ya leo, ilikuwa miongoni mwa maeneo ambako mchanganyiko wa SP na artesunate ulijaribiwa kwa jamii nzima, kabla nchi haijaingia katika dawa mseto ya ALu. Wazazi wetu wa Rufiji walichangia elimu hiyo kwa miili yao.

Leo kengele imelia tena. Huko Kagera, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wamekuta vimelea vyenye badiliko katika jeni iitwayo K13, badiliko lililokwishaonekana Rwanda jirani. Vimelea hivyo huchelewa kuondoka katika damu mgonjwa anapotumia dawa za jamii ya artemisinini. Wasomaji wasihofu: dawa mseto bado inaponya, kwa sababu dawa ya pili iliyomo humalizia kazi. Lakini humalizia pale tu dozi inapokamilika. Dozi ya ALu ni mara sita kwa siku tatu. Vidonge vinavyobaki kabatini ni dozi iliyokatwa njiani, na anayepewa vidonge hivyo naye hapati dozi kamili. Nyumba mbili zinakuwa zimejeruhi vimelea bila kuviua, na vilivyo sugu ndivyo hubaki vikaenea.

Wapo wanaouliza kama kuchunguza vinasaba ni kuingilia kazi ya Muumba. Tunawakumbusha kisa cha wakulima wa mitende wa Madina, waliokuwa wakipandikiza mbelewele za mtende dume kwa mtende jike. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotoa rai yake, wakaacha, na mavuno yakapungua. Ndipo akawarudisha kwenye ujuzi wao katika mambo ya dunia yao. Tena aliwahimiza umma wake kujitibu. Na mafakihi wameweka msingi kwamba dhara huondolewa, hata kama halikukusudiwa.

Kwa hiyo hatusemi wema uachwe. Twasema utengenezwe. Kabla ya kumkatia jirani pingili, tuchimbe mashina kadhaa ya shamba lile na kuipasua mihogo yake. Yenye mabaka, miti yake isitoke shambani. Kwa shamba jipya, tumuulize bwana shamba juu ya wazalishaji wa mbegu waliokaguliwa. Mtoto akishikwa na homa, apelekwe kupimwa, apewe dozi yake mwenyewe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, aimalize hata akianza kucheza siku ya pili. Na yule mama wa kisiwani anayebisha hodi usiku, jirani asimfungulie kwa vidonge vilivyobaki. Amfungulie kwa mtumbwi na mtu wa kupiga kasia. Mgonjwa hapo anafikishwa kwenye tiba, na thawabu ya jirani haipungui.

Allah atujaalie manufaa katika elimu, na atulindie mashamba na watoto wetu. Amin.