Maharagi ya Miezi Mitatu



Juma lililopita tuligawana pesa za AVEC yetu. Mnaijua siku hiyo: wenye funguo tatu wanafika, makufuli matatu yanafunguliwa mbele ya wote, kila mmoja anashika kaye yake na kuhesabu mihuri ya hisa alizonunua kwa miezi tisa. Mwandishi aliniuliza, kama alivyouliza wengine, pesa zangu zitafanya kazi gani. Nikataja haraka: masomo ya watoto, viatu, dawa ya mama mkwe, deni la mabati.

"Na wewe mwenyewe, mama?"

Nikacheka. Yeye akangoja. Sikuwa na jibu.

Nimelifikiri jambo hilo nikiwa shambani. Nyumba yangu iko Sake. Nilikimbia Desemba 2007, Novemba 2012, na tena Februari 2024, godoro juu ya chukudu na mtoto mgongoni. Kila tuliporudi nilipanda maharagi, kwa sababu yanakomaa kwa karibu miezi mitatu, nami sikuthubutu kujiahidi zaidi ya hiyo. Sikupanda hata mti mmoja wa avoka. Jirani mmoja wa kutoka Walikale, aliyezoea michikichi ambayo mtu anaingojea miaka, alinicheka kwamba shamba langu lina umri wa mtoto wa kunyonya. Nilikasirika juma zima.

Woga ule ulikuwa na sababu. Aliyekimbia usiku hafai kuchekwa kwa kuweka mzigo karibu na mlango. Lakini hata moyoni nilikuwa napanda maharagi tu. Ninapenda nini, nini kinanichosha, ninamkasirikia nani: hayo yote niliyaacha, nikisema nitajiuliza vita ikiisha. Nilikuwa na miaka 24 nilipokimbia mara ya kwanza. Miaka hiyo yote niliihesabu kuwa ya kungojea, na watoto wangu wamekua ndani yake.

Wako watakaosema mwanamke wa ndoa hajiulizi, anauliza bwana. Sheria ya Familia ya 1987 ilitaka kweli mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kisheria. Ruhusa hiyo iliondolewa tarehe 15 Julai 2016. Sasa sheria inataka mume na mke wapatane. (Mtu akiwaambia bado ni ile ya zamani, msikubali.) Lakini kupatana kunataka watu wawili wanaojua wanachotaka, na mimi nilikuwa nakwenda mikono mitupu.

Basi nimeanza kwa kitu kidogo. Kila jioni, sufuria zikiisha kuoshwa, ninaandika mstari mmoja nyuma ya kaye ile ya AVEC: leo moyo wangu umesema nini. Siku ya kwanza niliandika "nimechoka", basi. Ya pili vilevile. Ya tatu nilijikuta nimeandika juu ya kitambaa nilichokiona sokoni, na jinsi ambavyo ningekikata. Asiyeandika amwambie rafiki anayefunga kinywa. Mkijaribu, nileteeni habari kupitia vikundi vyenu.

Jumapili nilimwambia bwana kwamba sehemu ya pesa ninaitaka nijifunze kushona. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza tangu lini ninapenda kushona.

Nikamjibu: tangu kabla hujanioa.