Mvua ya Kwanza Ikisha Kunyesha

Katika nchi za Ulaya watu huungojea mwezi wa Machi kama mgonjwa angojeavyo kupoa. Baridi kali huondoka, siku hurefuka, miti iliyokuwa mitupu huchipua, nao wazee kwa watoto hutoka nyumbani kwenda kuota jua. Sisi wa Homa Bay na Migori hatuna majira ya namna hiyo. Mji wa Homa Bay uko kusini ya Ikweta kwa nusu digrii tu, na Migori kwa digrii moja, hivyo mchana wetu na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima. Lakini tusidhani kwamba tumenyimwa. Katika mwezi huo huo wa Machi jua hupita juu ya vichwa vyetu likielekea kaskazini, na ukanda wa mvua hulifuata nyuma. Wenzetu hungoja jua. Sisi hungoja mvua. Majira hayo Waluo huyaita chwiri.

Najua mkulima atasema, "Mwandishi huyu ni karani, hajui jembe. Mvua ikinyesha ni wakati wa kupanda, si wakati wa kutembea ovyo." Neno hilo ni la haki, nami silipingi. Nami pia nina kishamba changu cha mahindi, ingawa jirani zangu hukicheka. Ninayoomba ni saa mbili au tatu tu za Jumapili jioni, wakati ambapo hata ng'ombe wa kulimia hupumzika.

Wala haikulazimu kwenda mbali. Nenda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya boma lako siku ya pili au ya tatu baada ya mvua, uwatazame watoto. Wamechimba kishimo, wamekifunika kwa majani na blanketi kuukuu, na mmoja anagonga vijiti viwili pole pole ili kumbikumbi wadhani ya kuwa mvua inanyesha tena. Mara wanatoka kwa maelfu! Usiku wenye nyumba huweka taa juu ya karai la maji, na kumbikumbi hujitupa wenyewe. Kwa Kiluo huitwa ngwen, na wakikaangwa kwa chumvi kidogo hawahitaji mafuta, kwa kuwa wana mafuta yao. Karibu na vichuguu hivyo huota pia uyoga, uitwao obuolo. Huu usichumwe ila na mtu aujuaye, kwa sababu uko uyoga mwingine unaofanana nao ambao huua.

Mtu wa Migori mwenye nafasi ya siku nzima aende Thimlich Ohinga, kaskazini magharibi ya mji. Huko ataona boma za mawe makavu zilizojengwa yapata karne ya 16, nyingine zikifika kimo cha mita 4, bila saruji wala udongo wa kuunganisha. Tangu mwaka 2018 zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni vizuri kuziona wakati wa mvua, majani mabichi yakiwa yamezunguka mawe, nawe ujiulize jinsi kuta zisizo na kitu cha kuzishika zilivyostahimili gharika za miaka mia nne na zaidi, hali ukuta wa choo chako ulianguka mwaka juzi. Walakini asirudi akachelewa. Radi za nchi hii hupiga sana alasiri, wala mti ulio peke yake si kimbilio. Nao mto Kuja huweza kujaa ghafula kwa mvua iliyonyesha mbali katika milima ya Kisii, na mtu wa Nyatike akafikiwa na maji chini ya mbingu nyeupe.

Nasema haya yote, lakini matembezi niyakumbukayo zaidi ni ya bonde la Lambwe. Ninaye baba mdogo aliyezaliwa Kanyamwa, mahali ambapo mtu akisimama ukingoni huliona bonde lote chini yake hata vilima vya Gwasi ng'ambo. Mwaka 1980 dada yake alikwenda huko kukata kuni, akaumwa na mbung'o, akapatwa na malale. Alianza kwa homa, kisha akawa akilala mchana na kukesha usiku, na mwisho hakuwatambua watoto wake. Tangu kuzikwa kwake baba mdogo hakukaribia ukingo ule. Hata mbuzi akipotelea upande huo, alimwacha.

Mbung'o hao ndio waliowazuia watu wasilijaze bonde, na kwa hiyo wanyama wakasalia. Serikali ililifanya hifadhi mwaka 1966, na mwaka 1983 likawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Humo yumo korongo, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye katika Kenya nzima hasalii porini mahali pengine. Hata mbayuwayu wa buluu hufika mnamo Aprili kutoka kusini, hukaa hata Septemba, kisha hurudi kwao.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha ya kuwa Kenya imeyaondoa malale kama tishio kwa afya ya umma. Nilimsomea baba mdogo habari hiyo gazetini. Hakujibu neno. Mvua zilipoanza, aliniambia, "Mwanangu, nipeleke."

Tulifika ukingoni saa kumi alasiri. Majani yalikuwa yameota juu ya weusi wa nyasi zilizoungua wakati wa kiangazi, na twiga watano walikuwa wakila kando ya miiba. Alisimama kitambo kirefu, akiegemea fimbo. Kisha akasema, "Miaka yote hii sikujua kwamba ni pazuri." Na baadaye kidogo, "Yeye alijua. Ndiyo sababu alikuwa akikawia na kuni."

Mvua ilikuwa ikija kutoka Gwasi, tukageuka kurudi. Udongo ule mweusi ulishika magurudumu ya baiskeli yangu hata nikalazimika kuibeba begani. Baba mdogo alivua viatu vyake, akavitia kwapani, akatangulia.